CD na DVD Zisigeuzwe Masjala: Utunzaji wa Kumbukumbu za Kijiji na za Kaya

Katika kabati la ofisi ya kijiji, pembeni ya daftari la wakazi na mihtasari ya mikutano, si ajabu kukuta CD yenye ramani ya matumizi bora ya ardhi au nakala za hati miliki za kimila. Huwekwa hapo kwa imani kwamba yaliyomo yamepata hifadhi ya kudumu. Imani hiyo inahitaji kupimwa, kwa sababu siku ya mgogoro wa mpaka wa shamba ndiyo siku ambayo CD hiyo itatafutwa.

Ni vema kutofautisha aina mbili za diski. CD ya kwaya iliyochapwa kiwandani hubeba vishimo vidogo vilivyogandamizwa ndani ya plastiki yenyewe. Ile tunayoinunua tupu na kuiandikia kwa kompyuta haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemikali ambalo mwanga wa leza huliunguza kwa alama, na juu yake utando mwembamba wa madini, mara nyingi fedha, unaorudisha mwanga huo. Rangi hupauka kwa jua na joto, nao utando wa fedha huchakaa unapofikiwa na hewa chafu na unyevu. Watengenezaji wamewahi kutaja umri wa miaka 100 na zaidi kwa diski za kuandikwa mara moja, lakini makadirio hayo ni ya diski bora iliyotunzwa katika mazingira mazuri. Diski za bei nafuu zenye kasoro zimeshindwa kusomeka baada ya miaka michache tu. Zile zinazofutika na kuandikwa upya hazifai kabisa kwa kumbukumbu za muda mrefu.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba uharibifu huu hauonekani. Diski huandikwa pamoja na taarifa za ziada zinazoiwezesha kompyuta kusahihisha makosa madogo kimyakimya. Makosa huongezeka mwaka hadi mwaka, msomaji asijue, mpaka yanapozidi uwezo wa kusahihishwa. Hapo faili hukataa kufunguka.

Mazingira yetu nayo yana sehemu yake. Ubaridi wa uwanda wa Ufipa ni neema kwa diski, lakini diski iliyoachwa dirishani Laela itapigwa na jua kali kama popote pengine. Katika bonde la Ziwa Rukwa, kule Muze au Mtowisa, joto lenyewe ni adui, na masika huongeza unyevu. Diski ikae ndani ya kasha lake gumu, ikiwa imesimama, mbali na dirisha na paa la bati. Katika CD, tabaka la taarifa liko chini tu ya upande wenye maandishi, hivyo kalamu ya wino wa risasi inaweza kulikwaruza, na karatasi ya gundi inaweza kulibandua. Kalamu laini ya wino wa maji ndiyo ifaayo. Tabaka la DVD limebanwa kati ya plastiki mbili, kwa hiyo lina nafuu kidogo.

Hata diski nzima huhitaji mashine ya kuisoma. Mwaka 1986 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilihifadhi picha na maelezo ya maisha ya nchi ile katika diski kubwa za leza. Haikupita miaka ishirini kabla ya mashine za kuzisomea kuadimika, na wataalamu walilazimika kufanya kazi kubwa ya kuziokoa taarifa hizo. Leo kompyuta mpakato nyingi mpya huuzwa bila sehemu ya kuingizia CD. Wakati huohuo, karatasi za utawala wa Kijerumani zilizoko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimepita miaka mia moja na bado zinasomwa kwa macho.

Kwa hiyo karatasi haitupwi baada ya kupigwa picha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na rejesta ya ardhi yake, nayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haimruhusu mtumishi kuteketeza kumbukumbu za umma kwa uamuzi wake mwenyewe. Diski iwe nakala ya ziada. Pawepo nakala nyingine kwenye diski ya nje ya kompyuta, na moja ikae jengo tofauti, maana moto hauchagui kabati. Kila mwaka faili zifunguliwe, si kutazama orodha ya majina yake tu, na taarifa zihamishiwe kwenye chombo kipya kabla cha zamani hakijachoka.

Kwa kaya zenye picha za harusi au za wazee waliotangulia, utaratibu ni huohuo. Diski inayokataa kusomeka isitupwe haraka. Ifutwe taratibu kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha ijaribiwe katika mashine nyingine mbili au tatu, kwani mashine hutofautiana uwezo. Ikikubali hata mara moja, yaliyomo yanakiliwe papo hapo.