Sumu katika lishe ya mifugo huishia mezani

Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, asiyefuga hata kuku mmoja anaweza kudhani kuwa ukaguzi wa lishe ya mifugo haumhusu. La hasha! Maziwa anayotia chaini na mayai anayowakaangia watoto hutoka kwa wanyama waliolishwa mahindi, pumba na mashudu. Lishe hiyo ikiwa na sumu, sehemu ya sumu humfikia yeye.

Sumu inayohofiwa zaidi ni aflatoksini, yaani sumukuvu. Hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga au nazi kavu zisizoanikwa zikakauka vyema. Ng'ombe akiila, ini lake huigeuza ikawa aina iitwayo M1, ambayo hutoka pamoja na maziwa. Kuyachemsha maziwa hakuiangamizi. Anayeila sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka mingi hukabiliwa na hatari ya saratani ya ini.

Wanasayansi waliitambua sumu hii baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga. Humu nchini, watu 125 walifariki mwaka 2004, wengi wao Ukambani, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Je, serikali hutulinda vipi? Sheria mahususi ni Sura ya 345 ya Sheria za Kenya, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015. Sheria hiyo husimamia uagizaji, utengenezaji na uuzaji wa mbolea na vyakula vya mifugo, pamoja na mifupa na mabaki mengine ya wanyama yanayotumiwa kuvitengeneza. Viwango vya ubora huwekwa na shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, Kebs. Nalo shirika la kukagua afya ya mimea, Kephis, huchunguza nafaka zinazoingia nchini ili zisilete wadudu na magonjwa.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika kisiwa hiki hiki, kwenye bandari ya Kilindini. Aidha, tangu mwaka 2005 Kebs imekuwa na mpango wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka, kabla hazijapakiwa melini.

Hata hivyo, ulinzi huo hulegea gunia linapofika dukani. Muuzaji hulifungua na kupima kilo moja au mbili kwa mwenye mbuzi wachache uani. Papo hapo jina la kiwanda na tarehe ya kutengenezwa hubaki kwenye gunia, na mnunuzi huondoka na mfuko usio na maelezo. Mashudu ya nazi nayo yaweza kufika sokoni bila kupitia bandarini wala kwenye kiwanda kikubwa. Unyevu wa pwani hurahisisha kazi ya ukungu, hasa gunia likiwekwa sakafuni.

Fauka ya hayo, mahindi yaliyokataliwa kwa chakula cha watu huwatia baadhi ya wafanyabiashara tamaa ya kuyauza kama lishe. Wakidhani wamemwepusha binadamu, huwa wamemzungushia sumu ile ile kupitia kwa ng'ombe.

Ukaguzi wa dukani unahitaji vipimo, kwani macho hayatoshi. Mahindi yaweza kuonekana safi ilhali yana sumu. Zaidi ya hayo, ukungu hauenei sawasawa ndani ya gunia, hivyo sampuli sharti ichotwe sehemu mbalimbali na kuchanganywa kabla ya kupelekwa maabara.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Kwa hivyo maafisa wa Kaunti ya Mombasa, walio karibu zaidi na maduka haya, hawana budi kushirikiana na Kebs, la sivyo kila upande utadhani mwenzake amekagua.

Mfugaji naye asikubali lishe iliyovunda kwa kuwa ni rahisi. Na aulize gunia lilitoka wapi, asome maandishi yake, kisha aihifadhi lishe juu ya mbao, mahali pakavu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na katika jambo hili, mguu wenyewe huenda ukawa wa mtoto anayenywa maziwa hayo kila asubuhi.