Fahamu: Nani humshauri mbunge wa Marekani?
Mbunge hupiga kura, lakini anayechambua muswada na kumshauri mara nyingi ni msaidizi wa ngazi ya kati. Ngazi hiyo ndiyo inayozaa wakuu wa ofisi, na mwaka 2020 utafiti wa kituo cha utafiti cha Joint Center ulikuta watu wasio Wazungu ni asilimia 11 tu ya wafanyakazi wa juu wa Seneti, ilhali ni takriban asilimia 40 ya wakazi wa nchi hiyo. Wapo wasemao katika kuajiri sifa zitangulie. Zitangulie, naam, ila kwa miaka mingi wengi waliingia kazi hizo kupitia mafunzo kazini yasiyolipwa, tena Washington, mji ghali mno, kwa hiyo mfuko ulipimwa kabla ya akili. Fedha maalumu za kuwalipa wanagenzi hao zilitengwa mwaka 2018.