Mtoto Mwerevu Asiyeweza Kusoma: Tuifahamu Disleksia

Katika madarasa ya awali ya shule zetu za msingi hakosekani mtoto ambaye akisimuliwa hadithi huirudia yote, na akitumwa dukani hupiga hesabu ya chenji kichwani, lakini akipewa kitabu hukwama katika mstari wa kwanza. Nyumbani huitwa mvivu, shuleni huitwa mzito. Huenda mtoto huyo ana disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha. Hali hii si upungufu wa akili wala matokeo ya malezi mabaya. Aghalabu hurithiwa katika ukoo. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, aliyeshindwa kusoma ingawa alifundishwa kwa miaka mingi.

Katika Kiswahili disleksia ina sura yake. Lugha yetu huandikwa karibu sawa na inavyotamkwa, hivyo mtoto huweza kuzimudu silabi fupi na mwalimu akaridhika. Dalili hujitokeza katika kasi na katika imla: wenzake wanaposoma kwa mtiririko, yeye bado anahesabu silabi moja moja, huangusha "m" katika "mbwa", huandika "ngombe" na "ng'oma", na neno refu kama "wanaotutegemea" humvunja nguvu. Tena kuitikia kwa pamoja humficha. Ba, be, bi, bo, bu huimbwa na darasa zima, naye huimba bila kuzitazama herufi. Mzazi anayetaka kujua afungue kitabu katikati, afunike picha, kisha amwombe mtoto asome sentensi asiyoizoea. Hata hivyo, macho na masikio yapimwe kwanza.

Disleksia haina dawa ya kumeza. Tiba yake ni ufundishaji maalumu unaoanzia kwenye sauti: mtoto hupiga makofi kwa kila silabi, huandika herufi mchangani huku akiitamka, hupanga vifuniko vya chupa vilivyoandikwa silabi ili kuunda maneno, wala hapelekwi hatua ya pili kabla ya kuimudu ya kwanza. Dakika ishirini za kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Fimbo, kwa upande wake, haijapata kumfundisha mtu herufi.

Wataalamu wa fani hii ni wachache nchini, kwa hiyo sauti ya mzazi ina uzito. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya elimu. Mzazi aanze kwa mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, na hatimaye Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Abebe madaftari ya imla, kwa kuwa makosa yanayojirudia hueleza mengi. Aombe mtoto asomewe maswali, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, na asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake.

Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Maombi hayo hayatayarishwi katika wiki ya mtihani; mzazi mwenye mtoto wa darasa la tatu na azungumze na mwalimu mkuu sasa, kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne.