Umusambi arudi kinamasini, ua wabaki na ndege wake

KWA miaka mingi, mgeni aliyeingia katika baadhi ya hoteli za Rwanda, au katika nyumba za watu wenye uwezo, hakushangaa kumkuta umusambi akitembea taratibu kwenye nyasi za bustani. Ndege huyo mrefu, mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu kichwani na shavu jeupe, ndiye anayeitwa korongo taji kwa Kiswahili. Alikaa pale kama pambo. Wageni walipiga naye picha, watoto wakamwiga anavyocheza, na mwenye nyumba akahesabiwa kuwa mtu aliyefanikiwa.

Jambo ambalo picha hazikuonyesha ni mabawa. Yalikuwa yamekatwa au kuvunjwa ili asiruke ukuta.

Wengi wa korongo hao walichukuliwa kinamasini wakiwa bado vifaranga, au hata mayai, wakauzwa kutoka mkono hadi mkono mpaka wakafika mjini. Porini, korongo taji huishi na mwenzi mmoja miaka yote. Wawili hao hujenga kiota katikati ya matete, juu ya maji, wakatagia humo mayai mawili au matatu na kuyaatamia kwa zamu. Jioni huruka kwenda kulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wa jamii nyingine hawaliwezi kwa kuwa hawana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi. Akiwa bustanini hana mti wa kupanda, hana kinamasi, na ni nadra sana azae. Kwa hiyo kila aliyekufa alihitaji kuletewa mwingine kutoka porini.

Ni ajabu kidogo kwamba haya yalimpata umusambi. Kwa mila za Rwanda huyu ndiye ndege wa ukoo wa Abanyiginya, ukoo wa wafalme. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, yumo katikati ya bendera ya taifa tangu uhuru wa mwaka 1962, na Waganda humwita ngaali. Ndege anayeheshimiwa kiasi hicho ndiye aliyefungwa uani, na pengine heshima hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 2012, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu hazikuwa bustani peke yake, maana vinamasi anamotaga vimeendelea kugeuzwa mashamba katika nchi zote za ukanda huu.

Mwaka 2014, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwatoa korongo hao majumbani. Hakuanza na polisi. Wenye korongo waliombwa wajitokeze, ndege wao wasajiliwe na kupimwa afya, bila mtu kuogopa kupelekwa mahakamani. Zaidi ya korongo 200 walipatikana kwa njia hiyo. Wale ambao mabawa yao yangeweza kupona walipelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera, wakakaa kwanza mahali pa kujizoeza kuruka tena kabla ya kuachiwa. Waliolemaa moja kwa moja walitengewa makao yao pembeni mwa jiji la Kigali, Umusambi Village, ambako kinamasi kilichokuwa kimechakaa kimefufuliwa na sasa hupokea wageni.

Hesabu ya kwanza ya nchi nzima, mwaka 2017, iliwakuta korongo 487 wakiishi porini. Mwaka 2021 walihesabiwa 881. Idadi hiyo bado ni ndogo, lakini inaelekea pazuri.

Anayekuja bila kuitwa

Kuondoka kwa umusambi hakukuacha ua ukiwa mtupu. Nyumba nyingi za Kigali, Kampala, Nairobi au Bujumbura zenye japo mti mmoja na kichaka cha uzio zina ndege wengi kuliko wenyewe wanavyodhani. Hawaonekani kwa sababu hakuna anayetulia kuwatazama.

Msomaji anaweza kuanza kwa masikio. Alfajiri, muadhini akiwa amemaliza na pikipiki hazijaanza kunguruma, kuna ndege mmoja huimba kutoka ndani kabisa ya kichaka. Sauti yake huanza chini, kama mtu anayejizungumzia peke yake, kisha hupanda na kupanda mpaka inajaza ua mzima. Huyo ni kurumbiza: kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheusi, na mstari mweupe juu ya jicho. Mara nyingi waimbaji ni wawili, dume na jike, wanaopokezana kwa upesi kiasi kwamba msikilizaji huapa amesikia ndege mmoja. Mchana hushuka chini ya kivuli na kupekua majani makavu akitafuta wadudu. Ua uliofagiwa mpaka ukawa udongo mtupu haumfai.

Msimu wa mvua ukikaribia, husikika mwingine juu ya mti mrefu, mwenye noti tatu zinazoshuka, akizirudia tangu asubuhi hadi watu wanachoka. Huyo ni kekeo mwenye kifua chekundu, ambaye wakulima wengi humchukua kuwa mpiga mbiu wa mvua. Kusikika kwao wawili katika ua mmoja si jambo la bahati. Kekeo hajengi kiota. Jike lake humvizia kurumbiza, hutaga yai katika kiota chake na kuondoka. Kifaranga cha kekeo kikianguliwa, husukuma nje mayai na makinda ya mwenye nyumba, kisha kurumbiza hubaki akihangaika kulisha mtoto wa kambo ambaye baada ya siku chache humzidi ukubwa. Mtu akimwona ndege mdogo akimtilia chakula mdomoni ndege mkubwa, asidhani macho yanamdanganya.

Kwera naye hakubali kudanganywa kirahisi. Ndege hawa wa manjano wenye vichwa vyeusi hupenda kuning'iniza viota kwenye miti iliyo karibu na watu, kwa kuwa nyoka na ndege wawindaji huogopa kukaribia. Dume huchana ukanda mwembamba wa jani la mnazi au la tete, akaanza na pete moja, na kutoka kwenye pete hiyo akasuka chumba kizima kwa mdomo. Kikishakamilika, hujining'iniza chini ya mlango kichwa chini na kupepea mabawa, akiita. Jike huingia, huvutavuta nyuzi kupima uimara, kisha huamua. Akikataa, na jani likaanza kunyauka na kuwa kahawia, dume hukifumua kiota chote kwa mdomo uleule na kuanza upya. Ukiona viota vimetapakaa chini ya mti, usifikiri ni upepo tu.

Kekeo mdogo wa kijani hutaka kutaga humo. Lakini kila jike la kwera lina yai la rangi yake: lingine jeupe, lingine la samawati, lingine la kijani, lenye madoa au lisilo na madoa, na rangi hiyo haibadiliki maisha yake yote. Ni kama sahihi ya benki. Yai lisilofanana na yake hulitambua na kulitupa.

Ni kweli kwamba kero ipo. Kwera wana kelele, huchafua magari, na huweza kuchana mnazi ukabaki vijiti. Mkulima wa mpunga au mtama, aliyewahi kuvamiwa na makundi ya kwelea, ana haki ya kuwatazama ndege wa jamii hii kwa jicho jingine. Lakini mti wa nyumbani wenye viota thelathini si shamba la mpunga, na kuukata vifaranga vikiwa ndani, kama inavyofanyika mara nyingi, hakumwongezei mtu gunia hata moja.

Wapo wengine wa kuwataja kwa haraka. Chozi, wenye mdomo uliopinda na rangi zinazometa juani, hufuata maua ya shubiri, ya mgomba na ya umuko, na hufungia viota vyao kwa utando wa buibui. Kuzumburu, ndege wa kijivu wenye mikia mirefu, huning'inia asubuhi wameelekeza matumbo kwenye jua; hawaoti moto tu, bali joto hilo husaidia kusaga majani waliyokula. Kwarara hijani, ambaye kelele zake huamsha mtaa mzima, hutoboa nyasi kwa mdomo mrefu akitafuta minyoo na mabuu, kazi ambayo mtunza bustani angeilipia. Kuanzia Septemba mbayuwayu huwasili kutoka Ulaya, na kufikia Aprili wengi wameondoka.

Bundi anastahili neno moja zaidi. Katika nchi zote za jumuiya yetu akilia juu ya paa watu husema kuna msiba, na wengine humpiga mawe. Chakula chake kikuu ni panya.

Ua uliochukuliwa na kunguru

Pwani imeona upande mwingine wa habari hii. Katika miaka ya 1890, kunguru kutoka India waliletwa Zanzibar ili wale takataka. Walizila, kisha wakavuka kwenda bara. Dar es Salaam, Mombasa na Malindi waliwapokea, na kila walipofika walikula mayai na makinda ya ndege wadogo, hata vifaranga vya kuku. Wenyeji wa pwani walio na umri mkubwa hukumbuka chozi na kwera katika mitaa ambayo leo ina kunguru tu. Juni 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hao kwa milioni moja. Asichanganywe na kunguru mwenye kifua cheupe, ambaye ni mwenyeji wa bara tangu zamani.

Kunguru hushiba kwenye jalala lililo wazi, na idadi yao hupanda na kushuka pamoja na taka. Mtaa ambao taka zake huzolewa kila wiki unawapunguza bila sumu.

Daftari, kiti na robo saa

Kutazama ndege hakuhitaji safari ya mbugani wala gari. Kinachohitajika ni kukaa mahali palepale, saa ileile, kwa dakika kumi na tano, na kuandika. Asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili ndiyo bora. Anayeanza ajifunze ndege kumi tu wa uani kwake mpaka awajue kwa umbo, kwa mwendo na kwa sauti. Wa kumi na moja atajionyesha mwenyewe kuwa ni mgeni. Darubini ni nzuri ikipatikana, na zenye alama ya 8x42 ndizo zinazowafaa wengi, ila uani macho yanatosha. Kuna pia programu ya simu isiyolipiwa, Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, inayosikiliza ndege na kupendekeza jina. Nayo hukosea, ichukuliwe kama jirani anayebahatisha.

Kwa wanaopenda vitabu, kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002 kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kina zaidi ya aina 1,300 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pamoja. Waandishi hao walizitia nchi tano ndani ya jalada moja miaka mitano kabla Rwanda na Burundi hazijaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndege hawakuwa wamesubiri mkataba.

Anayetaka wenzake atawapata. Nairobi, matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, yamewatoa waongozaji wengi wa watalii. Kigali kuna bustani ya kinamasi ya Nyandungu, hekta 121, ambayo mtu huifikia kwa basi la mjini.

Anayetaka ndege waje kwake aache kona moja ya ua bila kufyekwa na apunguze dawa za wadudu, kwa maana wadudu ndio chakula cha makinda. Maji ya kuoga yawekwe katika sahani pana isiyo na kina, na yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku moja au mbili, la sivyo atakuwa anafuga mbu wa malaria. Sauti za ndege zilizorekodiwa zisipigwe kwa spika karibu na kichaka: dume huacha makinda na kwenda kumtafuta mpinzani asiyekuwepo.

Kuna ndege mmoja ambaye hahitaji lolote kati ya hayo. Ni inyamanza, mweusi na mweupe, anayetikisa mkia kila hatua. Wanyarwanda humtambua kuwa ndege wa ukoo wa Abagesera, na kwa mila haikuruhusiwa kumdhuru. Hutembea mpaka kizingiti cha mlango, hupita kati ya miguu ya watu, na mara nyingi hukutwa juu ya pikipiki iliyoegeshwa, akigombana na sura yake mwenyewe kwenye kioo.