Fuwele za Chokoleti na Kioo cha Pipi

Mti wa kokoa huzalia shinani, kama mfenesi. Maua yake, madogo yenye upana wa sentimita moja na nusu hivi, hutokeza moja kwa moja kwenye gome la shina na matawi makubwa. Huchavushwa na vidudu vidogo sana wa jamii ya visubi, na mengi hupukutika bila kufunga tunda. Tunda likipasuliwa hukutwa na mbegu 20 hadi 50 zilizofunikwa utando mweupe wenye utelezi, mtamu kwa uchachu. Mbegu yenyewe ikitafunwa mbichi ni chungu na kakasi, wala haina harufu ya chokoleti hata kidogo.

Harufu hiyo hutengenezwa shambani, kwenye lundo. Huko Kyela, mkoani Mbeya, na kwingineko inakolimwa kokoa, mbegu mbichi hurundikwa pamoja na utando wake au kutiwa kwenye masanduku ya mbao, kisha hufunikwa, mara nyingi kwa majani ya mgomba, kwa siku 5 hadi 7. Hamira za asili hugeuza sukari ya utando kuwa kileo, na bakteria nao hugeuza kileo kuwa siki. Lundo hupata moto hadi kukaribia nyuzi 50 za Selsiasi. Joto na siki huua kiini cha mbegu, kuta za seli zake hubomoka, na vimeng'enya hupata nafasi ya kuvunjavunja protini. Vipande vinavyobaki ndivyo vitakavyotoa harufu mbegu itakapokaangwa kiwandani. Mbegu iliyochachuka vizuri na kukauka ikikatwa huwa ya kahawia ndani. Isiyochachuka hubaki ya zambarau au kijivu, na hakuna kiwanda kinachoweza kuipa ladha iliyoikosa shambani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ubora wa chokoleti ni kazi ya mkulima, ingawa jina linaloandikwa kwenye karatasi ni la kiwanda.

Kwa maelfu ya miaka kokoa ilikuwa kinywaji. Chokoleti ngumu ya kutafunwa ni jambo la juzi tu: mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Uholanzi ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta ya kokoa, na mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ikachanganya mafuta hayo na unga wa kokoa na sukari, ikapata kipande kinachoshika umbo.

Mafuta hayo, yaitwayo siagi ya kokoa, ndiyo yenye maajabu zaidi. Yakiganda yanaweza kujipanga katika aina sita za fuwele, kila moja na kiwango chake cha kuyeyuka. Inayotafutwa na watengenezaji ni ya tano, inayoyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana chokoleti nzuri huwa ngumu mkononi kwa muda, kisha ikalainika mara ifikapo ulimini. Na kwa kuwa kuyeyuka kunafyonza joto, ulimi huhisi ubaridi kidogo. Ili kuipata aina hiyo, chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 hivi, hupozwa hadi karibu 28, halafu hupashwa tena hadi 31 au 32 ili fuwele dhaifu ziyeyuke na zile imara zibaki. Matokeo yake ni uso unaong'aa na mlio mkavu wa "ta!" kipande kinapovunjwa.

Kipande kilichoachwa ndani ya gari juani, kikayeyuka na kuganda upya, hakikupitia hatua hizo. Baada ya muda hutoka madoa meupe juu yake. Watu wengi hudhani ni ukungu wakakitupa, kumbe ni mafuta yaliyopanda juu na kujipanga upya. Hakina madhara, ila kitakuwa cha chengachenga mdomoni. Chokoleti nyeupe nayo ina siagi ya kokoa, sukari na maziwa, bila unga wa kokoa. Weupe wake hauna uhusiano na madoa hayo.

Pipi ngumu hutaka kinyume chake: isiwe na fuwele kabisa. Shira ya sukari huchemshwa hadi nyuzi 150 hivi, maji yakabaki kidogo sana, kisha hupozwa upesi kabla molekuli za sukari hazijajipanga. Kinachopatikana, kwa maana ya kifizikia, ni kioo. Shira ya glukosi, au matone ya ndimu jikoni, huzuia fuwele zisianze. Mpishi wa kashata za nazi yeye huzitaka, ndiyo maana huikoroga shira mpaka ikapauka na kushikana. Kioo cha sukari hunyonya unyevu wa hewa, na katika miji ya pwani pipi isiyofungwa hunata upesi. Maji yakishaingia, molekuli hupata nafasi ya kusogea, na uso uliokuwa ukipitisha mwanga hugeuka mweupe wenye chembechembe za sukari.