Joto la Aina Tatu Katika Kikombe Kimoja

Usiku wa baridi, watu wa Uskoti na Ireland huchanganya chai, wiski, asali, limau na viungo, wakanywa kingali moto. Kinywaji hicho huitwa hot toddy, na anayekinywa husikia joto mwili mzima. Joto hilo lina vyanzo vitatu, lakini kimoja tu ndicho kinachoupasha mwili kweli.

Cha kwanza ni maji ya moto. Chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na kijiti cha mdalasini, karafuu tatu na tangawizi mbichi iliyopondwa, vitokote dakika kumi. Epua, tia majani ya chai, funika kidogo, chuja, kisha koroga asali. Kamulia limau na utazame: chai nyeusi inapauka papo hapo, kwani tindikali hubadilisha kemikali zinazoipa rangi. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda. Kilichokuwa cha moto kiliwapunguzia hata maumivu ya koo, kuhisi baridi na uchovu. Ambacho hakikupashwa hakikufika huko. Wiski haikuwemo.

Chanzo cha pili ni tangawizi. Kemikali yake iitwayo gingeroli huamsha TRPV1, kipokezi cha kwenye neva kinachoutahadharisha ubongo joto likizidi nyuzi 42 hivi. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ubongo hupewa habari za moto, ilhali hakuna kilichopashwa.

Chanzo cha tatu ni wiski. Alkoholi hukifanya kipokezi hichohicho kiwe chepesi kushtuka. Pia hutanua mishipa ya damu ya ngozini: damu yenye joto huja juu, ngozi ikachangamka, huku joto la ndani likipotelea hewani. Ndiyo maana kulewa kisha kutembea kwenye baridi kali ni hatari.

Anayetaka wiski aitie mwisho, mililita 30 kwa kikombe, chai ikiwa imepoa kidogo. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78. Ukiitokosha, huruka pamoja na harufu nzuri ya wiski. Mjamzito, mtoto na anayetumia dawa zisizopatana na pombe wasiiguse. Mgonjwa wa mafua mwandalie chai, tangawizi na limau pekee: nafuu iliyopimwa ilitoka kwenye kinywaji cha moto kisicho na kilevi.