Sura ya Sita: Masta ya Kazi Gani?

Ukikaa na wahitimu wa uhandisi mwezi mmoja baada ya mahafali, mazungumzo huishia palepale: masta. Nisome wapi, nani atanilipia? Anayeuliza "ya kazi gani?" huonekana mkatisha tamaa. Nami nitauliza hivyohivyo.

Chukua tangazo la kazi la chuo kikuu cha umma Tanzania, usome polepole sifa za mwombaji. Mhadhiri msaidizi hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 kwa 5 katika shahada ya kwanza, na 4.0 katika uzamili. Kinachouma ni hiyo "na". Aliyehitimu kwa 3.4 anaweza kurudi na masta ya 4.6 na bado asiitwe kwenye usaili. Wapo wanaoligundua hilo wakati tasnifu imeshajalidiwa, deni la ada halijaisha. Kwa hiyo anayetaka kufundisha chuoni aanze hesabu na cheti ambacho tayari kiko kabatini.

Mhandisi wa saiti ana hesabu nyingine. Mchoro wa ghorofa unasubiri muhuri wa mhandisi mtaalamu, na muhuri huo hautolewi darasani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi chini ya wazoefu. Katika mpango wa mafunzo ya vitendo ulioanza 2003, ni miaka mitatu. Masta haizibi pengo hilo. Tena aliyewahi kuona nguzo ikibomolewa kwa sababu zege lilizidishiwa maji, anaingia darasani na swali lake mwenyewe. Yule aliyetoka mahafali moja kwa moja huazima swali la mwalimu.

Wafadhili nao wanataka vumbi kidogo kwenye viatu. Chevening ya Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, na baada ya masomo urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kozi za maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD ya Ujerumani hudai miaka miwili kazini pia, na kwa kawaida shahada yako isizidi miaka sita. Kwa anayelenga kozi hizo za DAAD, dirisha ni kati ya mwaka wa pili na wa sita. Kabla ya hapo hujaiva, baada ya hapo umechelewa.

Mwanafizikia, mwanakemia na mwanahisabati wana haki ya kuwa na haraka zaidi, maana wao hawasubiri muhuri wa saiti, na kazi za utafiti huwadai uzamili mapema. Karibu nao ipo Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, inayofundisha uzamili na uzamivu. Kigali ipo AIMS, yenye masta ya sayansi ya hisabati.

Ukichagua masta ya utafiti, usichague chuo kwa jina lake. Chagua msimamizi. Soma makala zake mbili, mwandikie barua fupi inayoonyesha umezisoma, kisha mtafute mwanafunzi wake pembeni, umuulize jambo moja: ukimpelekea sura, inarudi baada ya wiki ngapi? Akicheka badala ya kujibu, tafuta msimamizi mwingine.